SOMO: Kumtafuta mfungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini kwenye nyaraka za enzi ya makaburu

Wakuu, "nianzie wapi?" imeulizwa humu mara nyingi mno. Naweka yote hapa.

1. Andika majina yote ya mtu wako: la ukoo, la kanisani, la vitani. Uhamishoni wengi walitumia majina ya bandia.

2. Jua ghala la nyaraka kabla ya kulipa nauli. Nyaraka za Anti-Apartheid Movement, vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Za IDAF, mfuko uliolipa mawakili na kutunza familia za wafungwa, ziko kituo cha nyaraka cha Mayibuye, Chuo Kikuu cha Western Cape. Za ANC, chama cha ukombozi, ziko Chuo Kikuu cha Fort Hare.

3. Soma orodha ya nyaraka za ghala mtandaoni, agiza masanduku mapema.

4. Usiitenge barua na jalada lake. Hapa ndipo utafiti unapoharibika. IDAF ilipigwa marufuku Afrika Kusini mwaka 1966, ndipo kasisi Canon John Collins na wenzake wa mfuko huo London wakapitisha fedha kwa siri: raia wa kawaida anaiandikia familia ya mfungwa kama rafiki tu, anatia pesa, mfuko hautajwi. Majibu ya familia raia huyo aliyapeleka ofisi ya mfuko. Sasa ukikuta mama anashukuru kwa ada ya watoto, ukaipiga picha barua hiyo peke yake, utaandika kwamba alikuwa na rafiki mwenye uwezo Uingereza. Sivyo kabisa! Piga picha lebo ya sanduku, kisha jalada, kisha karatasi mbele na nyuma, kwa mpangilio ulioukuta. Usichomoe pini. Usipange upya kwa tarehe. Na usianike jina la familia iliyosaidiwa kabla ya kuzungumza na walio hai. Wengine walificha jambo hilo hata kwa majirani.

5. Nakili namba ya kumbukumbu palepale.

MASWALI

— Mkuu nitumie PDF ya zote.
— Haipo. Hatua ya 3.

— Kupanga kwa tarehe kuna ubaya gani? Unatutia ugumu bure.
— Mpangilio ni ushahidi wa nani alishughulikia nini. Ukiupangua, anayekuja baada yako hatauona. Sababu nimeiandika, rudia kusoma.

— Samahani kaka, nimekutana na 466/64 pasipo jina. Ni nini?
— Swali zuri sana, dada. Ni namba ya Mandela Robben Island: mfungwa wa 466 wa mwaka 1964. Kwa hiyo jina likikosekana, fuata namba. Jambo jingine: wafungwa wa daraja D, la chini kabisa gerezani, waliruhusiwa barua moja tu kwa miezi sita, tena wakaguzi walikata mistari kwa wembe. Ukiona pengo refu au tundu kwenye karatasi, usidhani kimepotea kitu. Liandike pengo lenyewe, nalo ni habari ya gereza.

— Sisi wa Morogoro je? Shule ya Mazimbu?
— Hiyo ni SOMAFCO, shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa 6 Aprili 1979. Tafuta kwenye nyaraka za ANC, Fort Hare. Ila uko karibu, nenda kwanza makaburini Mazimbu ukanakili majina, yatakusaidia hatua ya 1. Na ukifika kwenye nyaraka za Anti-Apartheid Movement, tazama 26 Juni 1959: Nyerere alihutubia mkutano wa London ulioanzisha mgomo wa kununua bidhaa za Afrika Kusini.

— Nyongeza: ingieni na penseli, kalamu ya wino wanaikataa mlangoni.
— Kweli. Na simu izimwe mwanga wa kamera.