Jinsi ya kujiandaa kwa matibabu ya damu kwa mwanga baada ya kupandikizwa seli shina

Mtu aliyepandikizwa seli shina (seli changa zinazotengeneza damu) za mtu mwingine hupata kinga mpya, na wakati mwingine kinga hiyo huuona mwili ulioipokea kuwa ndio mgeni, ikaanza kuushambulia: ngozi hukakamaa, kinywa hujaa vidonda, macho hukauka, na hata ini na mapafu huweza kudhurika. Dawa ya kwanza kwa kawaida ni steroidi, yaani dawa za kukandamiza kinga, kama prednisoloni. Zikishindwa, au madhara yake yakizidi faida, daktari anaweza kupendekeza fotoferesisi, yaani matibabu ambayo damu hutolewa mshipani, chembechembe nyeupe zikatengwa, zikatiwa dawa iitwayo methoksaleni inayozifanya ziathirike na mwanga, zikamulikwa kwa miale ya urujuanimno aina ya A, kisha zikarudishwa mwilini. Njia hii ilibuniwa Marekani na Richard Edelson wa Chuo Kikuu cha Yale kwa ajili ya aina moja ya saratani ya limfu inayokaa kwenye ngozi, ikaidhinishwa huko mwaka 1988. Sifa yake kubwa ni kwamba huituliza kinga bila kuikandamiza yote, na kwa mgonjwa aliyechoshwa na maambukizi ya mara kwa mara hilo si jambo dogo.

Kabla ya kupangiwa tarehe, mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo ulizonunua dukani bila cheti. Doksisiklini na siprofloksasini, ambazo kwetu hunywewa kwa urahisi mno, huifanya ngozi iathirike zaidi na jua. Mweleze pia kama una mimba, kama una ugonjwa unaochochewa na mwanga kama lupasi, au kama uliwahi kutolewa lenzi ya jicho bila kuwekewa nyingine.

Maandalizi hasa huanza siku moja kabla, na yanahusu chakula. Mafuta uliyokula huingia kwenye damu, na yakiwa mengi plazima, yaani majimaji ya damu, hugeuka nyeupe kama tui. Vihisi vya mashine vinavyotumia mwanga kutambua tabaka la chembechembe nyeupe hukosea, na miale yenyewe haipenyi inavyotakiwa. Kwa hiyo acha wali wa nazi, pilau, chapati za mafuta, sambusa, vitumbua na supu ya kongoro tangu siku iliyotangulia mpaka kipindi cha matibabu kiishe. Asubuhi kula uji usiotiwa maziwa wala siagi, mkate mtupu, ndizi za kuchemsha au matunda uliyoruhusiwa. Usiende na njaa.

Kunywa maji kwa wingi, isipokuwa kama daktari amekuwekea kikomo, kwa sababu mshipa wa mtu aliyekaukiwa maji hujificha na sindano inayotumika hapa ni nene. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari mapema; mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mishipa ikigoma kabisa, huwekwa mrija wa kudumu kifuani au shingoni, nao unadai usafi wa hali ya juu.

Kipindi kimoja huchukua kama saa moja na nusu hadi tatu. Nenda msalani kwanza, vaa nguo yenye mikono inayopanda kwa urahisi, na beba shuka, kwani damu iliyo nje ya mwili hupoa na baadhi ya watu huhisi baridi. Ili damu isigande ndani ya mashine, hutiwa heparini au sitrati. Ukitiwa sitrati na midomo au ncha za vidole zikaanza kufa ganzi, mwambie muuguzi papo hapo: kalsiamu imeshuka, na hurekebishwa kwa urahisi ikiwahiwa. Kizunguzungu nacho kisifichwe kwa ajili ya adabu.

Methoksaleni kidogo hurudi nawe nyumbani. Kwa saa 24 vaa miwani inayozuia miale ya urujuanimno, hata ukiwa ndani ya gari au karibu na dirisha, kwa kuwa kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya miale aina ya A. Funika mikono, vaa kofia pana na paka krimu ya kuzuia jua. Homa, au wekundu na maumivu penye mrija, ni sababu ya kupiga simu hospitali siku hiyo hiyo.

Ratiba hutofautiana. Mashambulizi hayo ya kinga yakiwa sugu, vituo vingi hufanya vipindi viwili katika siku mbili mfululizo kila baada ya wiki mbili, kisha huvitenganisha zaidi hali ikitengemaa. Usitazamie mabadiliko wiki ya kwanza, kwani ngozi huweza kuchukua miezi kadhaa kulainika. Piga picha sehemu ileile ya ngozi kila mwezi ili daktari awe na cha kulinganisha, na prednisoloni usiipunguze mwenyewe hata ukijiona umepata nafuu. Daktari ndiye atakayeishusha, kidogo kidogo, kadiri matibabu yanavyoshika.