Kabla ya kukopa ujenge ploti ya kupangisha: hesabu, hati na wapangaji

Chukua ploti ya vyumba vinane pembezoni mwa mji wa Kenya, kila chumba kikipangishwa kwa shilingi 7,500 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 60,000, na hapo ndipo wengi husimamisha hesabu na kukimbilia benki.

Endelea kutoa. Chumba kimoja kihesabiwe kuwa kitupu mwaka mzima, kwa kuwa wapangaji huhama na wengine huchelewa kulipa: zimebaki 52,500. Ushuru wa kodi ya makazi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Unatozwa kwenye kodi yote uliyopokea bila kuondoa gharama, hata riba ya mkopo. Huo ni karibu 3,940, na hulipwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Weka asilimia 10 ya matengenezo (5,250), mlinzi 5,000, kisha 3,000 za taka, taa za nje na gari la kunyonya maji ya choo. Unabaki na takriban 35,300.

Sasa weka mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 14, miaka 10, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua. Marejesho ni kama 46,600 kila mwezi. Kila mwezi utatoa zaidi ya 11,000 mfukoni, na ukipoteza kazi, ploti ndiyo itakayopigwa mnada. Ploti hii inabeba mkopo wa milioni 1.8, wenye marejesho ya karibu 28,000. Pengo lililobaki lijaze kwa akiba, au jenga vyumba vinne kwanza. Anza pia kulipa miezi kadhaa baada ya ujenzi, sio unapomwaga msingi. Omba muda huo uandikwe kwenye mkataba wa mkopo.

Kuhusu ardhi, cheti cha upekuzi kutoka kwa msajili, kinachoonyesha nani amesajiliwa kuwa mmiliki, hakitoshi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi kwa sababu ugawaji wa mwanzo wa ardhi hiyo ya umma haukufuata sheria. Kwa hiyo fuatilia hati hadi kwa mmiliki wa kwanza, tazama ramani ya upimaji, na mlete mpima ardhi athibitishe mawe ya mipaka. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba au barua ya ugawaji si hati miliki. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, na ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Tenga ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani.

Jihadhari sana na vyumba vya mbele vinavyogeuzwa maduka. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria ya majengo ya biashara (Sura ya 301). Huwezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, naye anaweza kuipinga mbele ya baraza la kisheria la kodi za majengo ya biashara. Ukitaka uhuru, mwambie wakili aandike mkataba unaozidi miaka mitano kabla hujampa funguo. Tena kodi ya duka haimo kwenye ile asilimia 7.5, inaingia kwenye ushuru wa mapato wa kawaida.

Wapangaji wa vyumba walipe kwa nambari ya malipo ya simu, wala mlinzi asipokee hata shilingi taslimu, maana deni likibishaniwa rekodi ndiyo ushahidi. Kila chumba kiwe na mita yake ya stima ya tokeni. Chukua amana ya mwezi mmoja na upige picha za kuta, sinki na kufuli siku ya kuingia, mpangaji akiwepo. Akishindwa kulipa, usimng'olee mlango wala kumkatia maji. Mpe notisi ya maandishi, kisha nenda mahakamani au kwa baraza linalohusika. Ukijichukulia sheria mkononi, wewe ndiwe utakayedaiwa fidia.