Polipu za matumbawe mu akwariamu yako ya maji ya chumvi zimejificha? Angalia hivi kwanza

Tumbawe ni mnyama, ao tuseme kundi ya wanyama wadogo wameshikana, na polipu njo kila mmoja wao: kinywa katikati, mikono midogo inazunguka. Ikitoka nje inatafuta chakula, ikijivuta ndani iko inajilinda. Mu nyama yake munakaa pia mwani mdogo sana wenye kumlisha kwa nguvu ya mwangaza, kwa hiyo inaweza kufunga mchana na isife njaa.

Usilinganishe tumbawe yako na ile uliona mu video. Akropora nyingi (matumbawe ya matawi) zinatoa polipu zaidi usiku, juu njo saa planktoni, vidudu vidogo sana vya maji, inapanda, wakati Goniopora, tumbawe ya aina ingine, inajinyoosha mchana kweupe. Ilinganishe na yenyewe, saa ile ile: piga picha na simu, mara moja kabla ya kuwasha taa, mara moja mchana, utaona yako iko na tabia gani.

Ikikaa imefunga siku mfululizo, anza na chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inapanda pole pole; refraktometa (chombo ya kupima chumvi) isome 35 kwa elfu, ni kusema karibu 1.026 kama yako inasoma uzito wa maji. Na ya kujazia iwe maji ya osmozi (yenye kuchujwa mpaka madini inatoka), siyo ya ziwa tafazali, Kivu imebeba bikarbonati na magnesiamu mingi sana, ukijazia nayo kila siku alkaliniti (nguvu ya maji ya kuzuia asidi) inapanda na wewe unasema shida ni taa. Mimi napenda alkaliniti ikae 8 mpaka 9 dKH (digrii za kuipima), lakini zaidi ya namba yenyewe napenda isitembee-tembee.

Joto 24 mpaka 26, na hapa Goma usiku kuko baridi, hita ni lazima. Umeme ukikatika pompa inasimama, hewa inaisha mu maji mbele hata joto haijashuka, weka pompa ndogo ya hewa ya batri pembeni. Kesho yake polipu zikifunga ni kawaida, usiguse kitu.

Imefunga upande moja tu? Pompa inapiga pale, igeuze. Kiisha amka usiku na taa nyekundu: matumbawe ya Euphyllia na Galaxea zinarusha mikono mirefu ya kuchoma majirani, achanisha sentimita 15 hivi. Na samaki wa Centropyge, wazuri kabisa, lakini wengine wanadonoa-donoa polipu siku nzima.

Sarcophyton, tumbawe laini, yenyewe inafunga siku kadhaa, inang'aa kama imepakwa nta, iko inabadilisha ngozi; ongeza mkondo kidogo basi.

Unabadilisha kitu kimoja, unangoja wiki. Kitu ya kukimbizana nayo ni nyama ikianza kubanduka na mfupa mweupe unaonekana, hata kama polipu za juu ziko nje bado: pale kata tawi yenye ingali nzima, ibandike mbali.