Diski ya NAS ikianza kusumbua, fanya hivi kabla hujaichomoa

Mara nyingi haianzi kwa kishindo. Unafungua folda ya picha inazunguka tu, muvi inakwama katikati, kesho yake unakuta NAS (kile kisanduku cha diski kinachohifadhi mafaili kwenye mtandao wako) inapiga mlio na taa ya diski moja imebadilika rangi, au umetumiwa imeili kwamba volyumu (ile nafasi ya kuhifadhia iliyoundwa na diski zako) iko "degraded", yaani imepungukiwa diski. Hapo wengi mkono unawawasha, wanachomoa diski na kuirudisha kama betri ya rimoti wakitegemea itajirekebisha. Tulia kwanza.

Kama volyumu bado inafunguka, hata kama inasuasua, chomeka haddiski ya nje uanze kukopi vile vitu ambavyo huwezi kuvipata tena, yaani picha, nyaraka, mafaili ya kazi, muvi ziache mwisho hizo zinapakuliwa tena. Zima torenti, zima rekodi za kamera, simamisha kila kinachoichosha diski bila sababu. Na usiniambie "mi nina RAID" (ule mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), RAID sio bakapu, ukifuta faili limefutika kwenye diski zote kwa mpigo. RAID 1 ya diski mbili na RAID 5 ya diski tatu zinavumilia diski moja tu kufa, RAID 6 inavumilia mbili, RAID 0 haivumilii hata moja, ikiondoka moja vyote vimeondoka.

Ukishakopi ndo uanze kupeleleza, maana sio kila kosa ni la diski. Ingia kwenye ukurasa wa NAS, sehemu ya usimamizi wa diski, utafute taarifa za SMART (vipimo vya afya ambavyo diski inajiwekea yenyewe), au kama unaweza kuingia kwa SSH (kuipa NAS amri za maandishi ukiwa kwenye kompyuta nyingine) andika:

smartctl -a /dev/sda

(hiyo sda unabadilisha kuwa sdb, sdc, kulingana na diski unayoitaka, na saa ingine lazima uanze na sudo, yaani ruhusa ya msimamizi). Juu pale utaona imeandika PASSED na roho inatulia. Usiiamini sana. Hilo neno linageuka pale tu kipimo kikishuka chini ya kiwango alichoweka mtengenezaji mwenyewe, na diski kibao zinakufa huku bado zimeandikwa PASSED. We shuka chini kwenye jedwali, angalia kolamu ya mwisho kabisa kwenye mistari hii minne: 5, 197, 198 na 199.

Mstari wa 5 ni sekta mbovu ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. 197 ni sekta zilizogoma kusomeka na bado hazijaamuliwa, diski inasubiri ziandikwe upya ione kama zitakubali au izihamishe. 198 ni zile zilizoshindikana kwenye ukaguzi. Mi binafsi huwa natazama zaidi mwendo wa namba kuliko namba yenyewe, yaani diski yenye 8 kwenye mstari wa 5 ambayo imekaa na 8 yake miezi inaweza kuendelea kuishi, ila ile ya 197 iliyokuwa 8 jumatatu, 40 jumatano na 200 jumamosi hiyo inaaga, usibishane nayo. Ziandike mahali pamoja na tarehe, kesho ulinganishe. Mstari wa 1 (makosa ya kusoma) usikutishe, kwenye diski za Seagate unaweza kukuta linamba refu la kutisha na diski ni nzima, ndivyo wanavyoihesabu.

Sasa 199 ndo unaookoa hela za watu. Huu unahesabu data zilizoharibika njiani kati ya diski na bodi, kwa hiyo ukiwa unapanda wakati 5, 197 na 198 ziko sifuri, mshuku kebo au sloti kabla ya diski. Zima NAS kwa utaratibu, toa diski, puliza vumbi kwenye sloti, irudishe palepale mpaka ikae sawasawa. Namba hairudi sifuri hata ukitengeneza, cha kuangalia ni kama imeacha kupanda. Ukitaka uhakika zaidi andika dmesg (kumbukumbu za mfumo) usome makosa ya mistari iliyoanza na ata: ukiona UNC maana yake diski imeshindwa kusoma sekta, ukiona ICRC tatizo liko njiani.

Na kama diski mbili au tatu zimepotea kwa pamoja, usikimbilie kununua zote. Angalia adapta ya umeme, diski zinavuta umeme mwingi zaidi pale zinapoanza kuzunguka na adapta iliyochoka inashindwa palepale. Feni nayo iangalie, diski ikishinda kwenye nyuzi 50 na kitu hiyo sio afya.

Baada ya hapo piga testi. smartctl -t short inachukua dakika chache, smartctl -t long inasoma diski nzima, kwa diski kubwa inaweza kula usiku mzima na zaidi, kwa hiyo usiipige kama hujakopi data maana unamkimbiza mgonjwa. Majibu yako kwenye smartctl -l selftest, ukikuta "read failure" basi habari imeisha, tafuta nyingine. Kama unasikia tik, tik, tik ya kujirudia ndani ya diski wala usipige testi, zima, na kama data ni ya thamani na huna kopi peleka kwa wataalamu wenye vifaa. Mambo ya kuiweka friza au kufungua kifuniko achana nayo kabisa.

Kwenye kubadilisha, diski mpya iwe na ukubwa uleule au zaidi, na chagua ya CMR, ambayo njia zake za kuandikia hazipandiani. Za SMR zinaandika njia zikipandiana, ukija kujenga RAID upya inaweza kujivuta siku kadhaa au kutupwa nje katikati. Halafu, jamani, linganisha seriali namba! Iliyoandikwa kwenye skrini na iliyo kwenye stika ya diski, herufi kwa herufi, kwa sababu kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu kwenye RAID 5 ni dakika moja tu. Kama NAS yako haina uwezo wa kubadilisha ikiwa inawaka, izime kwanza.

Ukianza kujenga upya angalia maendeleo kwa cat /proc/mdstat, utaona kitu kama [3/2] [UU_], kile kistari ndo diski iliyokosekana, kikigeuka U umemaliza. Iache ifanye kazi yake, usiizime, usiitumie kwa fujo, maana muda huo zile diski zilizobaki zinasomwa mwanzo mpaka mwisho, na kama zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa zimechoka pamoja. Ndo maana kopi inafanywa kabla.

Ikitokea ya pili nayo imeanguka kwenye RAID 5, usibonyeze kitufe chochote cha kuunda volyumu upya wala kufomati. Toa diski mgonjwa, ifunge kwenye kompyuta yenye Linux uikloni kwenda diski tupu:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map

Ya kwanza ndo inayosomwa, ya pili inaandikwa juu, ukizigeuza umefuta mwenyewe, kwa hiyo hakiki kwa lsblk (inaorodhesha diski zote) kwanza. Ikimaliza rudia ukiweka -d -r3 badala ya -n, itarudi kwenye sehemu zilizogoma tu kwa sababu ramani imeshazikumbuka. Na ukiichomeka kwenye Windows ikakuuliza kama uiandae au uifomati, bonyeza kansel.

Ile mbovu usiigeuze ya bakapu. Kama bado ina waranti ifute kabla ya kuirudisha, na kama haifutiki jiulize kama uko tayari mafaili yako yaende nayo.