Kumtunza farasi wa mbio kwenye joto la Tanga

Usinunue Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, kwa kuangalia kimo. Mwaka 1962 E. P. Taylor, tajiri wa viwanda vya bia wa Kanada, alimwekea mwanafarasi wake mfupi bei ya dola 25,000, asipatikane mnunuzi. Akabaki naye, na mwaka 1964 farasi huyo, Northern Dancer, akashinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi za Marekani, kwa dakika 2 kamili. Wa kuletwa Tanga mkague kwato, pumzi na jasho: asiyetoa jasho baada ya mazoezi hatahimili joto letu la unyevu.

Kazi kubwa iko horini. Farasi wa kilo 500 hula kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, na zisizopungua 7 ziwe nyasi. Nafaka zisizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika, hivyo akizidishiwa hupata msokoto wa tumbo: anaparua chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, analala na kuinuka. Ondoa chakula, ita daktari wa mifugo papo hapo, wala usimnyweshe kitu kwa chupa, kisije kikaingia mapafuni.

Pumba za mahindi ni rahisi kupata, ndiyo maana watu huzijaza horini. Zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na mwili ukikosa kalisi huichota mifupani. Majani ya guinea nayo yana oksaleti, inayoizuia kalisi isifyonzwe. Miezi ikipita farasi anachechemea, leo mguu huu, kesho ule, halafu mifupa ya uso inavimba pande zote mbili. Pumba ziwe kidogo sana, na daktari akupimie chokaa ya mifugo ya kuchanganya.

Vingine ni marufuku kabisa. Chakula cha kuku huweza kuwa na monensini, dawa inayoharibu moyo wa farasi. Hata debe lililobakiwa na unga wake lisimkaribie. Mahindi yaliyoota ukungu wakati wa masika huozesha ubongo, na kuyaanika upya hakuondoi sumu. Majani ya mti wa lusina wanayolishwa ng'ombe wa maziwa humnyonyoa singa na mkia. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ya kawaida kwa ng'ombe, husimamisha utumbo wa farasi.

Visubi hueneza tauni ya farasi, na huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mwingize bandani kabla jua halijazama, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida. Kwato zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Sakafu ikikaa na mkojo, zinaoza kwa chini na kunuka.

Mazoezi yafanyike jua likishachomoza, yaishe kabla halijawa kali. Akirudi mmwagie maji baridi mfululizo mwili mzima mpaka pumzi zitulie, na ndoo ya kunywa iwe mbele yake muda wote huo.