Namna ya Kujadili Usajili wa Simba na Yanga Bila Kumezwa na Tetesi

Ligi inapomalizika kijiwe hakifungwi. Mjadala huhama tu kutoka kwenye matokeo kwenda kwenye usajili. Kabla ya kutamba kwamba mshambuliaji fulani amekwisha kumwaga wino, uliza kwanza mkataba wake unamalizika lini, kwa kuwa kanuni za FIFA humruhusu aliyebakiza miezi 6 kusaini mkataba na klabu nyingine, ilhali mwenye mkataba mrefu huhitaji ridhaa ya klabu yake. Kumbuka sakata la kiungo Feisal Salum: Desemba 2022 aliirejeshea Yanga fedha akitaka kuondoka, lakini Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, naye akahamia Azam katikati ya mwaka huo, klabu hizo zilipokubaliana.

Picha ya mchezaji akiwa uwanja wa ndege haithibitishi lolote. Wengine huja kupumzika Zanzibar. Video ya mabao nayo huficha mengi, hivyo tafuta dakika alizocheza msimu uliopita, kisha ujiulize kama kweli winga wa nne anahitajika wakati beki wa kushoto hana mbadala.