Shanga kwenye spoku: jinsi uga wa sumaku unavyorusha gesi kutoka kwenye diski

Gesi inayozunguka shimo jeusi hujipanga kama diski, na sehemu yake hurushwa nje. Kuonyesha hilo kwa klabu ya sayansi Lindi, gurudumu bovu kutoka kwa fundi baiskeli linatosha. Bana ekseli wima kwenye jiliwa, ringi ilale. Funga spoku mbili ringini kwa waya, pande zinazokabiliana, zimeinama nje nyuzi 45 kutoka wima. Ukifunga moja tu, gurudumu litayumba. Vika kila moja shanga, kisha kunja ncha ya juu, la sivyo shanga itamrukia mtu jichoni.

Zungusha mara mbili kwa sekunde: shanga hupanda. Ikigoma, sugua spoku kwa msasa. Upepo wa bahari huku hula chuma haraka. Sasa simamisha spoku wima kabisa. Hata uzungushe vipi, haipandi.

Gurudumu ni diski, spoku ni mstari wa uga wa sumaku unaozunguka nayo, shanga ni gesi yenye chaji, inayofuata mstari huo. Wanafizikia wa anga Blandford na Payne walionyesha mwaka 1982 kwamba mstari ukiinama zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima, gesi baridi hurushwa nje, ikibeba momenta ya mzunguko, yaani kiasi cha mzunguko kinachoizuia gesi isianguke kitovuni. Gesi inayobaki ndipo huzama kuelekea shimo jeusi. Msiitafute nyuzi 30 mezani: hapa mvutano unaelekea chini, kule kwenye diski unaelekea kitovuni na hupungua kadiri unavyokwenda mbali.